Jumatatu na Jumatano, saa tisa na nusu

Simu ya mama ilikuwa na meseji 212 ambazo hazijafunguliwa, na karibu zote nilizituma mimi.

Ilikuwa Juni 2016, wiki ya pili tangu nirudi nyumbani Korogwe. Mama alinipa simu yake ya batani nimtazamie kwa nini siku hizi hailii. Haikuwa na ubovu wowote, sauti tu ilikuwa imezimwa. Ila nilipokuwa nahangaika nayo nikaona alama ya bahasha juu ya kioo, nikaibonyeza, nikaanza kushuka. Jumapili baada ya Jumapili. "Shikamoo mama, nimetuma 30,000 ya dawa na sukari." "Mama pole na mguu, usibebe ndoo." "Mama leo nimekukumbuka, nimepika mchunga kama unavyopika wewe." Miaka mitano nzima. Nilikaa pale kwenye mkeka nikazisoma mpaka betri ikaanza kulia, na mama yuko uani anapepeta mchele, hana habari na kilichonipata.

Mama hajui kusoma. Hilo nililijua tangu niko darasa la pili, maana barua za mjomba kutoka Mombasa nilikuwa nasoma mimi, yeye amekaa kwenye kigoda ananisikiliza na kunirudisha nyuma: "Hapo rudia." Nililijua, kisha nikaenda Dar es Salaam nikaishi kama mtu asiyelijua. Pesa alizipata. Kijana wa dukani alimtolea, na namba ya siri ya simu ya mama aliijua yule kijana kuliko mama mwenyewe. Kumpigia nilimpigia mara chache, nikijiambia kwamba nimeshaandika. Maneno ndiyo hayakumfikia.

Dar nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya malori, miaka kumi na mmoja. Kila Januari nilinunua daftari jipya na ukurasa wa kwanza nikaandika malengo ya mwaka. Kiwanja. Cheti cha uhasibu. Kumaliza mkopo. Mengi niliyatimiza, namshukuru Mungu; kiwanja ninacho hadi leo. Lakini jioni ya Jumapili nilikuwa nikishikwa na uzito kifuani ambao sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu ukimweleza mtu mwenye shida ya kodi kwamba wewe kodi umelipa ila unaona maisha yako hayana ladha, atakuona huna shukrani. Kampuni ilipopunguza wafanyakazi na jina langu likawemo, nililia kwa ajili ya mshahara. Kwa ajili ya kazi yenyewe sikulia hata tone, na jambo hilo lilinitisha kuliko kufukuzwa.

Ningependa kusema kwamba baada ya kuziona zile meseji nilianza kumfundisha mama kusoma kesho yake. Sikufanya lolote. Niliumia, nikaomba msamaha moyoni, nikasema "nitafanya kitu", nikaendelea na shughuli zangu kwa karibu miaka miwili. Nimeamua kuliandika hili kwa sababu watu wanaonisifia leo hudhani moyo uliguswa na siku hiyo hiyo miguu ikaenda. Moyo uliguswa na miguu ikabaki palepale.

Mwaka 2017 nilifungua duka la pembejeo kwa kiinua mgongo changu: mbegu, mbolea, mabomba ya kupulizia, viuatilifu. Ndio mwaka viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, wale wadudu wenye asili ya bara la Amerika wanaojichimbia katika moyo wa mhindi na kuutafuna kwa ndani. Masika ya 2018 kila mkulima aliyepita dukani alikuwa anauliza dawa yao. Mzee mmoja wa ng'ambo ya Mto Pangani alikuja asubuhi akanunua chupa ya mililita 100. Nikampa chenji yake nikamwambia ninachomwambia kila mtu: "Fuata maelekezo kwenye chupa, babu." Akaitika, "Haya mwanangu," akaitia chupa mfukoni akaondoka.

Siku ya tatu akaja mkewe. Alisimama mbele ya kaunta akiwa na ile chupa mkononi, tupu, akaniuliza kwa upole kabisa kama nimewauzia dawa au nimewauzia sumu. Mzee alikuwa ametapika usiku kucha, mate yanamtoka, miguu haimbebi, mpaka wakambeba kwa bodaboda hadi kituo cha afya. Na mahindi yenyewe majani yameungua. Nikamuuliza walichanganyaje. Akasema mzee alimwita mjukuu wake wa darasa la tatu amsomee anapaswa kutia kiasi gani. Mtoto akageuza chupa, akaona namba kubwa kuliko zote pale mbele, akasoma: mia moja. Mzee akamimina chupa nzima katika bomba moja, akakoroga kwa mkono.

Ile mia moja ilikuwa ujazo wa chupa. Kipimo chenyewe, mililita 20 kwa bomba, kiliandikwa nyuma kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mtoto hakukosea kusoma, alisoma kilichosomeka. Chini ya lebo kulikuwa na utepe wa njano. Mimi nilishapata mafunzo ya wauza viuatilifu, nikafundishwa kwamba utepe mwekundu ndio sumu kali kabisa, unafuata wa njano, kisha bluu, kisha kijani. Mtihani nilifaulu. Lakini yote niliyoyajua yalibaki nyuma ya kaunta pamoja nami, na mzee akavuka mto peke yake na chupa mfukoni.

Alipona, Alhamdulillah. Alipotoka kituoni nilivuka nikaenda kumwona, nimebeba sukari na sabuni, nimejiandaa kusemwa. Nikampa shikamoo, nikaomba radhi. Mzee akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kosa si langu, kosa ni la macho yake ambayo hayakufumbuliwa tangu utoto, maana alipofika umri wa shule alikuwa anachunga mbuzi, na alipokua akaingia kwenye mkonge kukata. Nikajikuta nasema, "Babu, nitakufundisha mimi." Neno lilitoka kabla sijalifikiria.

Akaniangalia. Akaniuliza, "Saa ngapi?"

Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuiuliza nia yangu saa. Nia njema nilikuwa nazo tele: nitamsaidia mama, nitawasaidia wanawake wa mtaani, nitarudisha kitu nyumbani. Tulifundishwa kwamba penye nia pana njia, nami nikaielewa methali hiyo kama ahadi, kwamba nikishakuwa na nia basi njia itakuja yenyewe kunichukua. Mzee aliyenusurika kifo kwa chupa niliyomuuzia hakuwa na haja na nia yangu. Alitaka kujua saa, ili ajue atawafunga mbuzi lini. Nikajibu, "Jumatatu, saa kumi na mbili jioni, dukani kwangu."

Nilinunua madaftari ya shilingi mia tano, penseli, chaki, na kipande cha plaiwudi nilichokipaka rangi nyeusi kikawa ubao. Nilikwenda pia kumwona Afisa Elimu ya Watu Wazima wa wilaya, ambaye alinipa vitabu viwili vya kisomo na ushauri ambao nimeufuata hadi leo: usianze na a, e, i, o, u, anza na neno ambalo mtu huyo analitumia kila siku, livunje, kisha irabu zitakuja zenyewe. Nikaanza na mahindi. Ma, hi, ndi. Kutoka ma tukapata me, mi, mo, mu. Kutoka hi tukapata ha, he, ho, hu. Kiswahili kinamhurumia mtu mzima anayejifunza kusoma, kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa; ukishazijua silabi hakuna mtego unaokungoja mbele.

Siku ya kwanza walikuja saba, wote wanaume. Majirani wakaibatiza shule ya ngumbaru. Mmoja wa wale saba, ana miaka 63, alisema kichwa chake kimeshakomaa hakiingii kitu. Nikawasimulia habari za Kimani Maruge wa Kenya, aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 kule Eldoret akiwa na miaka 84, kaptura na soksi ndefu kama watoto wenzake. Wakacheka kwa furaha. Ila mzee wangu wa ng'ambo hakucheka, alisema tu: "Yeye alikuwa na lake. Mimi nataka kusoma chupa." Nililiandika neno hilo kwenye daftari langu usiku ule. Mimi nilikuwa nimepanga mtaala wa miezi sita, yeye alikuwa na chupa.

Kuhusu mikono yao sikuwa nimejiandaa. Mkono ulioshika panga na jembe miaka hamsini haujui kushika kitu chepesi. Penseli waliikamata kwa ngumi, wakaikandamiza mpaka risasi ikakatika na karatasi ikatoboka. Nikaona jasho linamtoka mtu puani kwa kuandika herufi m. Ilibidi wiki mbili za mwanzo tuwe tunachora tu: mistari, mawimbi, duara, ili vidole vijue kwamba hapa hakuna kinachohitaji nguvu.

Wanawake hawakuja, na nilichukua mwezi mzima kuelewa sababu. Nilikuwa naudhika nao. Nilisema moyoni kwamba fursa nimewaletea mlangoni na hawaitaki. Mama ndiye aliyenifungua, na hakusema kwa maneno mengi. Saa kumi na mbili jioni siku moja nikiwa nafungasha chaki zangu aliniuliza: "Na saa hizi ugali unapikwa na nani?" Basi. Nilikuwa nimepanga saa inayonifaa mimi, saa ya kufunga duka, ili nisipoteze mteja. Msaada wangu ulikuwa umekaa pale ambapo haukunigharimu kitu.

Nikahamisha. Jumatatu na Jumatano, saa tisa na nusu alasiri, wakati wa shamba umekwisha na moto haujawashwa. Alhamisi ni gulio na Ijumaa ina mambo yake, kwa hiyo siku hizo nikaziacha. Ina maana kwamba siku mbili kila wiki nafunga duka mchana kweupe, saa ambayo wateja wa kutoka vijijini ndio wanafika mjini. Wiki ya kwanza nilihesabu, kwa sababu hesabu ndiyo kazi niliyosomea: nilipoteza mauzo ya karibu shilingi 40,000 kwa alasiri moja. Mteja mmoja wa mbolea aliyekuwa ananunua kwangu mifuko kumi kila msimu alikuta kufuli mara mbili, akahamia duka la pili na hajarudi. Iliniuma. Lakini nadhani siku niliyotia kufuli kwa mara ya kwanza ndiyo siku hasa nilipoanza kufanya jambo hili. Kabla yake nilikuwa nalifanya kwa mabaki ya siku.

Wanawake walikuja kumi na wawili kwa mpigo mmoja, wengine na watoto mgongoni. Mama akawa miongoni mwao, ingawa si kwa namna niliyoiota.

Mimi nilitaka mama asome meseji zangu. Nilikuwa nimeshajichorea picha yote: atashika simu, atazifungua moja moja, atalia, nitalia. Mama alikaa darasani siku tatu, akanivuta pembeni akaniambia yeye anataka tarakimu tu. Herufi ameishi bila hizo, hazimkoseshi usingizi. Anataka kujua sifuri hadi tisa, na anataka kujua salio linasemaje, ili yule kijana wa dukani asiguse tena simu yake. Ndipo nikajua kwamba kwa miaka ile yote pesa niliyotuma haikuwa ikifika yote. Elfu mbili hapa, elfu tatu pale, zilikuwa zinabaki dukani, na mama alijua, akanyamaza, kwa sababu angemshitaki kwa ushahidi gani?

Nilimbishia. Nikamwambia atazijua tarakimu ndani ya wiki mbili, kwa nini asiendelee? Akasema, "Unanifundisha mimi au unajifundisha wewe?" Nilinyamaza. Akajifunza tarakimu. Tulitumia punje za mahindi kuhesabia na simu yenyewe kama kitabu. Wiki ya tano tulikwenda pamoja kwa wakala mwingine, karibu na stendi, akabadilisha namba ya siri, akaifunika simu kwa upande wa khanga yake wakati akibonyeza, mimi mwenyewe nisione. Nikageuza uso nikaangalia mabasi ya Arusha yanavyoingia. Zile meseji hakutaka kusomewa. Aliniambia kama kuna la kusema nikae nimwambie, yuko hapa. Siku hizi nikishafunga duka nakaa naye uani nusu saa, simu tumeziacha ndani.

Mama ndiye pia aliyenisimulia kwamba haikuwa mara yake ya kwanza kuketi mbele ya ubao. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka uliofuata TANU ikaamua ujinga wa kutojua kusoma ufutwe nchi nzima ifikapo mwisho wa 1975. Mama alikuwa binti wa miaka ishirini hivi. Walikuwa wakisomea chini ya mwembe karibu na ghala la mkonge, na mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba tu, kwani wakati ule kila anayejua alitakiwa amfundishe asiyejua. Anaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, redio moja imewekwa kwenye kiti, watu wote kimya, na baada ya kipindi wanaume wakaenda kuchimba choo. Choo cha kwanza cha boma letu kilitokana na redio ile. Aliandika jina lake wakati huo. Halafu akazaa, akahamia kwa mumewe, na ilipofika miaka ya themanini hapakuwa na daftari, hapakuwa na mafuta ya taa, mwalimu akaenda mjini kutafuta riziki, na herufi zikamtoka moja baada ya nyingine.

Simulizi hiyo ilinitia hofu na bado inanitia hofu. Nchi iliyoanza na karibu theluthi mbili ya watu wazima wasiojua kusoma mwaka 1967 ilifika mahali, mwaka 1986, ambapo takwimu zilisema hawazidi mmoja kati ya kumi. Kazi kubwa kiasi hicho. Na sensa ya 2012 ikakuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano hajui. Kujua kusoma ni kama shamba, usipolipalilia linarudi kuwa pori. Ndiyo maana siwapi watu vyeti na sisemi fulani amehitimu. Anayejua kusoma bado anakuja Jumatano kusoma gazeti la wiki iliyopita ambalo nimelifungia misumari, na kuna mabishano makubwa ya mpira ambayo nayavumilia kwa sababu yanasomwa kwanza.

Kuna mwanamke mmoja muuza maandazi pale stendi ambaye nitaeleza habari zake kwa urefu kidogo, kwa sababu nilimkosea. Kwa wiki nne hakutofautisha ma na na. Wenzake wanaandika majina yao, yeye anakodolea daftari. Nilikuwa mpole kwake kwa nje, lakini ndani nilishamwandika kuwa mzito, na nilianza kumruka nikiuliza maswali ili nisimwaibishe. Siku moja niliandika neno ubaoni, yeye akiwa amekaa benchi la mwisho kabisa, akalisoma. Nikafuta, nikaandika lingine, akalisoma. Nikamwambia alisome lilelile kwenye daftari lake. Akalishika daftari, akalinyoosha mbali mpaka mkono ukaisha.

Nilivua miwani yangu ya kusomea nikamvisha. Hakuangalia daftari. Aliangalia viganja vyake, akavigeuza, akavigeuza tena, akasema taratibu: "Kumbe vidole vyangu vimechanika hivi." Mafuta ya kukaangia yalikuwa yamemwachia makovu madogo madogo ambayo hakuwahi kuyaona. Ana miaka 52. Jicho la binadamu likivuka miaka 40 hivi lenzi yake huanza kukakamaa, na vitu vya karibu vinakuwa ukungu. Aliyesoma hugundua kwa sababu kitabu kinamkataa, lakini ambaye hajawahi kushika kitabu atagundulia wapi? Nilipowapima darasa zima kwa kuwapa sindano na uzi, zaidi ya nusu walishindwa kupitisha. Nikanunua miwani sita ya kusomea inayouzwa stendi kwa shilingi 5,000, tukawa tunapokezana, na nikawasisitiza waende wakapimwe hospitali, kwa kuwa miwani ya barabarani haigundui presha ya macho wala mtoto wa jicho. Yule mama aliandika jina lake wiki iliyofuata. Sasa kwenye kikoba chao anasaini, na pedi ya wino akiletewa anairudisha kwa mkono mmoja bila kuiangalia.

Nilifikiria sana ni watu wangapi niliowahi kuwaandika wazito katika maisha yangu kwa sababu sikuwahi kuwavisha miwani yangu.

Masika ya 2019 darasa lilikufa. Sijui niseme vingine. Mvua zilinyesha vizuri na watu wakahamia mashambani, wakatoka kumi na tisa wakabaki watatu, kisha wawili, kisha Jumatano moja hakuja mtu. Nilikaa pale kibarazani, duka limefungwa, mvua inapiga mabati, wateja wawili wamepita wakaona kufuli wakaondoka. Ule uzito wa Jumapili za Dar niliungoja uje. Haukuja. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na wasiwasi wa pesa, lakini ule uzito haukuwepo. Nikachukua chaki nikaandika ubaoni somo la siku kama vile wamejaa, nikaketi hadi saa kumi na moja, nikafuta.

Nilipokuwa na malengo, kila lengo lilikuwa na siku ya kuisha: ukipata kiwanja unakata mstari, unabaki mtupu unatafuta jingine la kuandika. Kitu hiki hakina pa kukatia mstari. Kinaniuliza tu kama Jumatatu nitakuwepo. Naweza kulijibu swali hilo hata siku ambayo sina imani, sina pesa na sina wanafunzi, kwa sababu haliniulizi najisikiaje. Walirudi Julai baada ya mavuno. Niliuliza nani alijua kwamba nipo. Muuza maandazi akasema kila Jumatatu akipita aliona kufuli mlangoni na mtu kibarazani, akawaambia wenzake: "Mwalimu bado amefunga duka."

Kuna watu wa rika langu wanaoniuliza wafanye nini ili nao waone maana ya maisha yao, na wengine wana elimu kunizidi mara tatu. Huwa nashindwa kuwajibu vizuri. Mmoja aliniambia bado anatafuta kusudi lake, amesali, amesoma vitabu, amehudhuria semina. Nilimuuliza ni nani katika nyumba yake au kazini kwake anayeteseka kwa kitu ambacho yeye anakiweza. Alifikiri, akasema mlinzi wa ofisini kwao humwomba kila mwezi amjazie fomu. Nikamuuliza saa ngapi.

Agosti 2020, Jumanne, si siku ya darasa, mzee wa ng'ambo alikuja dukani. Alitaka dawa ya wadudu wa nyanya. Nikamshushia chupa kutoka rafuni, nikataka kumweleza kipimo, akaninyooshea kiganja ninyamaze. Akatoa miwani yake mfukoni, ameifunga kamba ya katani nyuma ili isianguke shambani, akaivaa. Akaigeuza chupa. Kidole chake cha shahada, kile chenye kovu la singa la mkonge, kikaanza kutembea chini ya herufi, midomo inacheza. Mi-li-li-ta. Akaenda polepole hadi chini kabisa, akarudi juu, akasimama mahali. Nilidhani amekwama.

"Mwanangu," akasema, "mwezi huu si wa nane?"

"Ndiyo, babu, wa nane."

"Hapa wameandika mwisho wa matumizi mwezi wa tano."

Niliichukua chupa nikaisoma. Mwezi wa tano, 2020. Rafu ile sikuwa nimeikagua tangu masika. Nilipanda kwenye kigoda nikazishusha zote zilizokuwa pale, nikazipanga kaunta. Mzee hakuondoka na hakusema neno la lawama. Aliuegemeza mkongojo wake ukutani, akavuta chupa ya kwanza karibu na macho, akaanza kunisomea tarehe, moja moja, nami nikafungua daftari la stoo nikawa naandika.